Gunia la Uzi Mweupe

Mumbuni, Machakos
17 Januari 1999

Mwiitu wakwa Syokau,

Mwalimu Kaloki alinitolea barua yako kwa sanduku la shule Ijumaa. Niliisoma nimesimama kwa geti, nikaisoma tena nikifika nyumbani, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa na hofu na sikushika vizuri.

Umesema unataka kuongeza digrii ya pili. Nimefurahi. Lakini umesema si ya wadudu wa mazao, ni ya afya ya jamii. Hapo ndipo nilisimama. Mimi si mtu wa kusoma, niliachia darasa la tatu, haya mengine nilipata kwa ngumbaru nikiwa mama mzima. Lakini nilikuona kwa macho yangu mwaka ule wa 1997, chuo kilipofungwa kwa mgomo ukaja na magunia yako matatu ya mahindi ukayaweka kwa ghala yangu. Moja na majivu, ukalifunga na uzi mwekundu. Moja na majani ya mwarobaini yaliyosagwa, uzi wa bluu. La tatu bila kitu chochote, uzi mweupe. Kila wiki mbili unatoa punje mia moja kwa kila gunia, unahesabu zile fukusi wametoboa, unaandika. Hata chuo kilipofunguliwa ulikuwa unarudi kila mwezi kuja kuhesabu.

Wamama wa mwethya, wale tunaolimiana mashamba kwa zamu, walinicheka. "Kalunde, umesomesha mtoto miaka kumi na sita aje ahesabu fukusi?" Nikawaambia, hesabu wewe punje mia bila kukosea tuone. Hakuna aliyejaribu. Nilikuwa napita karibu na wewe kama naenda kuchukua kuni, na kuni sikuwa nataka. Nilitaka kuona tu vile umekunja uso.

Sasa hiyo kazi yote ni bure? Hao watu wa afya watakuona kama fundi wa viatu amekuja kuomba cherehani ya nguo. Baba yako alikuja mwisho wa mwezi kutoka Konza akasema nikuache, unajua unachofanya. Yeye analinda ng'ombe wa ranchi, hana wasiwasi. Wasiwasi aliniachia mimi.

Niandikie unielezee pole pole.

Mama yako,
Kalunde

*

Nakuru
28 Januari 1999

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Fundi wako wa viatu amewachekesha walimu wenzangu wote hapa shuleni. Wakasema swali hilohilo ndilo nitakaloulizwa, ila kwa Kiingereza kizuri.

Nikueleze pole pole kama ulivyosema. Ile miezi saba sikujifunza fukusi peke yao. Kabla ya hapo, miaka mitatu chuoni, nilikuwa naandika alichosema mwalimu na kumrudishia kwenye mtihani. Kwa ghala yako ndiyo mara ya kwanza niliuliza kitu ambacho mwalimu hana jibu lake. Ikabidi nitafute jibu, nisubiri, nihesabu hata siku ambayo sitaki kuhesabu, na niandike nilichokiona hata kama hakinipendezi. Hiyo kazi haibadiliki ukiondoa mahindi ukaweka watoto wanaohara. Swali linabadilika, lakini namna ya kulifuata ni ileile.

Tumeitwa watu kumi na wawili kwa mahojiano Nairobi, tarehe 12 Machi. Nafasi ni tano. Wengi wao ni wauguzi na maafisa wa kliniki waliokaa na wagonjwa miaka na miaka. Mimi nimekaa na mahindi. Kwa hiyo nikiondoa ile ripoti yangu ya mwaka wa mwisho, mwaitu, mimi sina kitu mkononi. Nitaipeleka, na nitaifungua ukurasa wa kumi na tisa, ule wa gunia la uzi mweupe. Unakumbuka? Kila kitabu kilisema gunia lisilo na dawa litaliwa lote. La kwetu halikuliwa. Lilikaa karibu sawa na lile la majivu. Daktari Ndeti aliyenisimamia aliniambia mwanafunzi mwingine angechezea hesabu zilingane na kitabu, lakini mimi niliandika nilichokiona. Aliandika hivyo hata kwenye barua yake ya kunipendekeza.

Kwa hiyo lala usingizi. Msalimie baba.

Binti yako,
Syokau

*

Mumbuni
7 Februari 1999

Mwiitu wakwa,

Nimesoma maneno yako na nimeyaelewa, hata ile ya swali kubadilika na kazi kubaki. Sijui ulitoa wapi hiyo akili. Si kwangu. Nilimsomea mwalimu Kaloki hapo na akasema nirudie.

Hapa jua ni kali. Mbaazi zimekauka, tunapiga wiki hii.

Kuhusu ripoti, nimefikiria. Kwa nini usipeleke vyeti peke yake? Na barua ya pasta, anakujua tangu ubatizo. Ripoti ni kubwa, inaweza kunyeshewa njiani. Na kama ni lazima uipeleke, basi fungua ukurasa mwingine. Ule wa mwarobaini ni mzuri. Uko na ile picha uliyochora.

Jirani yetu Kamanthe anakusalimu. Mahindi yake yaliharibika Desemba, nusu gunia ikawa unga. Nilimpelekea debe moja. Hakuniuliza kwa nini, na mimi sikusema.

Kula vizuri.

Mama yako,
Kalunde

*

Nakuru
15 Februari 1999

Mwaitu,

Kunyeshewa, mwezi wa pili? Wewe mwenyewe umesema jua ni kali.

Najua kinachokusumbua. Ni kwa sababu niliandika jina lako mbele ya ripoti, pale pa shukrani, na unaona aibu maprofesa wasome "Bi. Kalunde Kiema, aliyelinda ghala." Usione aibu. Kama si wewe kulinda panya na kuku wasiingie, hakungekuwa na ripoti. Ama unaogopa nikienda Nairobi nitasahau kuja nyumbani. Nairobi ni karibu kuliko hapa Nakuru.

Ukurasa wa kumi na tisa ndio nitakaofungua. Nimeshaandika nitakachosema na nimekijaribu mbele ya Kidato cha Pili. Walikaa kimya dakika kumi na tano, na hiyo haijawahi kutokea tangu nianze kuwafundisha.

Niombee tu.

Syokau

*

Mumbuni
21 Februari 1999

Syokau,

Keti kwanza. Kama uko na wanafunzi, soma hii baadaye.

Lile gunia la uzi mweupe niliguza.

Nimeandika hiyo kwanza ndiyo nisipate nafasi ya kuzunguka. Sasa nieleze.

Uliniambia, nakumbuka hata mahali ulikuwa umesimama, "Mwaitu, hili usiweke kitu ndani." Sikuweka. Lakini ulikuwa umerudi chuoni, na mwezi wa tatu zamu ya mwethya ikafika kwangu, wamama wanakuja kuchimba matuta ya shamba letu. Unajua lazima waingie kwa ghala kuchukua karai na majembe. Asubuhi nikaingia, nikaona chini ya lile gunia unga umeanza kumwagika. Hapa kwetu mtu akiona unga wa fukusi kwa ghala yako hakwambii kitu. Anaenda kusema kwake. Wangesema Kalunde ameshindwa kuweka mahindi, na msichana wake yuko chuo kikuu cha kilimo.

Nikalifungua. Nikaanika mahindi kwa mkeka siku nzima, fukusi wakakimbia jua. Nikapepeta na uteo. Nikachagua zile zilizotobolewa nikawapa kuku. Halafu nikaona gunia limepungua, nikaogopa utajua, nikajazia mahindi yangu mazuri juu. Nikafunga na uzi wako mweupe vile ulikuwa umefunga, mara mbili na fundo pembeni. Majivu sikuweka kwa sababu ulikataza majivu. Kuanika si kuweka kitu, ndivyo nilivyojiambia. Na mahindi juu ya mahindi, hiyo si kitu.

Ukaja, ukahesabu, ukashangaa. Ulifurahi sana. Ukasema, "Mwaitu, njoo uone, hili halijaliwa." Nikaona kama nimekusaidia kazi. Basi fukusi wakirudi nikaanika tena. Ni kama mara tatu, au nne.

Sikujua nimeharibu kitu mpaka ile Jumapili ulisimama kanisani kuwaelezea wamama. Uliposema majivu hayasaidii sana, hata gunia bila majivu lilikaa vizuri, hapo ndipo nilishika. Lile gunia lilikuwa liachwe liliwe. Kuliwa ndiyo ilikuwa kazi yake. Nilitaka kusimama niseme, na nilimwona Kamanthe anatingisha kichwa kuitikia. Lakini ulikuwa umesimama hapo mbele na ile blauzi ya bluu, unaongea na wamama wakubwa na hutetemeki, hata mke wa pasta ametulia anasikiliza. Nikasema ngoja amalize. Ulipomaliza walipiga makofi. Nikasema ngoja kesho.

Kamanthe aliacha kuweka majivu kwa sababu yako, na kwako ni kwa sababu yangu. Lile debe nilipeleka ni la hiyo.

Hukukosea mahali, mwiitu wakwa. Ulihesabu vizuri. Ni kwamba ulihesabu kazi ya mikono yangu. Sasa ufanye vile utaona. Ukiniambia nije Nairobi niwaelezee hao maprofesa, nitakuja, nivae ile suti ya harusi ya shangazi yako, niwaambie ni mimi.

Mama yako,
Kalunde

*

Mumbuni
14 Machi 1999

Syokau,

Ijumaa ya mahojiano imepita. Nilifunga siku hiyo, sikula mpaka jioni. Barua hakuna. Nimeenda kwa mwalimu Kaloki mara nne wiki hii mpaka akasema, "Mama Syokau, nikipata barua nitakimbia mwenyewe, acha kuchosha miguu."

Kama umekasirika, andika hata mstari mmoja useme umekasirika. Nitaisoma kama salamu.

Nimemwambia Kamanthe. Nilimkuta anapanga mbaazi. Nikamweleza yote, na kwamba arudi kwa majivu yake kama zamani. Akasema, "Kalunde, nilijua lile debe halikuja kutembea tu." Halafu akasema mtoto wangu asilaumiwe. Halafu akaomba uteo wangu, ule mpya, akaenda nao. Mpaka leo hajarudisha na siwezi kumuuliza.

Sijui wamekuuliza nini huko.

Mama yako

*

Nakuru
31 Machi 1999

Mwaitu,

Nisamehe kwa kukunyima barua. Nilikasirika. Siku nne sikuongea na mtu vizuri. Kidato cha Pili waliona, wakafanya mazoezi yao bila kelele. Kilichonikera zaidi ni ule ukurasa nilioupenda. Nilikuwa nimeubeba miaka miwili kama picha ya kitambulisho.

Siku ya tano nilipanda basi nikaenda chuoni kwa Daktari Ndeti. Nikampa barua yako. Anasoma Kiswahili pole pole kama wewe Kiingereza. Alipomaliza akauliza, "Uliwahi kumuuliza mama yako kama aliligusa?"

Nikasema hapana.

"Na mimi sikuwahi kukuuliza kama ulimuuliza. Basi tuko wawili." Akakunja barua yako vizuri, akanirudishia. "Sasa una njia mbili. Ripoti uiache nyumbani, barua yangu ya kukupendekeza nitaiandika upya bila hiyo habari. Ama uende nayo na hii."

Nilimuuliza yeye angefanya nini. Akasema yeye hakuitwa kwa mahojiano.

Niliipeleka. Nilipiga taipu karatasi moja nikaibandika mbele, nikaandika kwamba ukurasa wa kumi na tisa si sahihi, na sababu yake.

Walikuwa watano mezani. Mzee mmoja wa tai nyekundu alianza, "Binti, hapa hatutibu mahindi," na wenzake wakacheka. Nikaifungua ripoti pale nilipopanga kuifungua tangu mwanzo, nikawasimulia yote. Mwethya, mkeka, kuku, fundo la pembeni. Hawakucheka tena. Mama mmoja wa miwani, ambaye nilisikia ndiye mkuu wa idara, akaniuliza, "Kwa nini unatuambia? Hatungejua kamwe."

Nikasema, "Kuna jirani yetu alipoteza nusu gunia kwa kuniamini."

Akasema, "Haya. Nikupe dawa ya kusafisha maji ya kunywa, uende kijijini. Nyumba thelathini uwape, nyumba thelathini usiwape, urudi baada ya miezi sita uhesabu watoto waliohara. Utafanya nini ambacho hukufanya kwa mahindi?"

Mwaitu, swali hilo sikuwa nimelisomea mahali popote. Nilikuona wewe asubuhi ile kwa ghala. Nikamwambia ningeanza na zile nyumba nisizozipa, kwa sababu hapo ndipo kuna mama atakayeona aibu. Hatakaa tu mtoto wake ahare kwa sababu mgeni alimwambia asubiri. Atachemsha maji, ataomba dawa kwa jirani, na hataniambia, kwa kuwa ananipenda ama ananiogopa. Kwa hiyo kila nikienda kuhesabu ningeketi naye kwanza, nimuulize amefanya nini tangu niondoke, na nimuulize kwa namna ambayo hatajiona amenikosea. Na asiyeweza kuacha, nisimlaumu. Niandike. Na nikiona dawa inafaa, nisingoje miezi sita kuwapa wale wengine.

Walianza kuandika, mwaitu. Wote watano. Hata wa tai nyekundu.

Nikiwa natoka nilimkuta muuguzi mmoja kwenye benchi, ana miaka kumi na miwili wodini. Akaniuliza wanauliza nini huko ndani. Nikamwambia wanauliza ni kitu gani umewahi kutafuta mwenyewe. Akasema, "Mimi nimetafuta mishipa tu." Nilicheka lakini nilimhurumia, kwa sababu anajua mambo ambayo sitayajua mwaka mzima.

Barua imekuja jana. Nimechukuliwa. Wameandika nianze na masomo mawili ya mwili wa binadamu kwa kuwa natoka fani nyingine, kisha niendelee na wenzangu. Naanza Septemba. Yule muuguzi pia amepata.

Nilikasirika nawe, na sasa sijui niite kitu gani hiki nilicho nacho. Uliandika "niliguza" mstari wa kwanza. Mimi karatasi yangu ya kukiri niliirudia mara sita na bado sentensi ya kwanza ilianza na "Kutokana na".

Sasa nina kazi kwako. Daktari Ndeti anataka karatasi ya marekebisho ikae ndani ya nakala iliyo maktaba ya chuo, ili mwingine asije akaifuata kama Kamanthe. Anahitaji kujua ulianika mara ngapi na tarehe gani. Uliongeza mahindi kiasi gani. Na ya uzi mwekundu na ya bluu, uliyagusa? Usinijibu cha kunifurahisha, mwaitu. Nijibu kilichotokea.

Binti yako,
Syokau

*

Mumbuni
11 Aprili 1999

Mwiitu wakwa Syokau,

Mwalimu Kaloki alikimbia kweli. Alifika kwangu shati limetoka nje. Nilimwambia asome yeye kwanza akifika kwa neno nimechukuliwa anionyeshe na kidole, na akaonyesha. Nilikaa chini hapo hapo kwa mlango. Baba yako alikuwa nyumbani, akauliza ni nini, nikampa barua. Alisoma yote, akavaa kofia akatoka. Nimesikia alienda mpaka Kyumbi kuambia watu ambao hata hawakujui.

Mimi ile sehemu ya maji na nyumba thelathini nimesoma mpaka karatasi imelegea. Umeketi mbele ya maprofesa ukawafikiria wamama ambao hujawaona, ukajua wataona aibu wapi. Sisi hapa tuko na hiyo aibu kila siku na hakuna aliyewahi kutuuliza. Siwezi kukusifu vile nataka kwa sababu maneno yangu ni machache. Nimekusifu kanisani badala yake. Nilisimama, nikasema yote, na ile ya kuanika pia. Mke wa pasta aliniangalia kama nimevua viatu. Lakini baada ya ibada wamama wawili walikuja kando wakaniambia walikuwa wanaongeza maji kwa maziwa ya ng'ombe wao ambayo afisa wa mifugo alikuwa anakuja kupima. Nimewaambia wakungoje.

Sasa majibu. Nilichukua kalenda ya misheni ya mwaka ule, bado iko nyuma ya mlango wa jikoni.

Mara ya kwanza ni Jumanne tarehe 18 mwezi wa tatu. Hiyo nina hakika, mwethya yangu imewekwa alama.

Mara ya pili ni wiki ya ubatizo wa Lenny wa Kamanthe, mwezi wa tano. Siku yenyewe ni Alhamisi au Ijumaa. Nilimuuliza Kamanthe akasema Alhamisi, lakini yeye anakumbuka ubatizo, hakumbuki mahindi yangu. Kwa hiyo andika Alhamisi au Ijumaa.

Mara ya tatu ni mwezi wa saba, siku mbili kabla hujaja. Nilijua unakuja kwa sababu ulituma neno na mtoto wa Kaloki. Mahindi niliongeza na bakuli ile ya kijani. Mara ya kwanza bakuli nane. Ya pili sita. Ya tatu sikuhesabu, nilikuwa na haraka, niliongeza mpaka mahali pa uzi.

Uzi wa bluu sikuguza hata siku moja. Harufu ya mwarobaini ilinishinda. Uzi mwekundu nilifungua mara moja nikaangalia kama majivu yako ni mazuri kama yangu, nikafunga. Sikutoa, sikuweka. Lakini nilifungua, na hiyo pia uandike.

Imebaki ile mara ya nne. Nimekaa na hilo swali tangu Ijumaa. Siku zingine naona mkeka umetandikwa na mahindi juu yake na jua la mwezi wa nane. Siku zingine naona hayo yalikuwa mahindi yangu ya kula, si yako. Naweza kukuandikia tarehe ya Agosti hapa, na ungeipeleka kwa Daktari Ndeti, na angeipiga taipu, na hakuna mtu duniani angejua. Nilishaiandika hata, kwa karatasi nyingine. Nimeichoma.

Sijui. Andika kwamba aliulizwa, na alisema hajui.

Mama yako,
Kalunde Kiema